Kutembea Zanskar kwa Miguu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unahusu safari ya miguu ya karibu wiki tatu kutoka Lamayuru hadi Darcha, kupitia bonde la Zanskar huko Ladakh, kaskazini mwa India. Maswali ni yale yanayorudiwa na watu wa Afrika Mashariki, hasa waliokwisha kupanda Kilimanjaro au Mlima Kenya na sasa wanatafuta kitu kirefu zaidi.

## Mambo ya msingi

Zanskar ni wapi, na kuna nini?

Ni bonde lililojificha nyuma ya safu kuu ya Himalaya. Kusi ile ile inayovuma Pwani yetu katikati ya mwaka ndiyo inayopeleka mvua kubwa India, lakini milima huizuia. Inapofika Zanskar, mvua imekwisha kumwagika upande wa pili. Ndiyo maana ardhi ni kavu, miamba ina rangi ya kutu na ya risasi, na kijani hukionei ila pale ambapo watu wamechimba mifereji ya kuleta maji ya theluji kwenye mashamba ya shayiri na njegere.

Mji mkuu ni Padum, karibu mita 3,600 juu ya usawa wa bahari. Wenyeji wengi ni Wabudha wa madhehebu ya Kitibeti, na Padum kuna jamii ya Waislamu ya siku nyingi. Tangu 31 Oktoba 2019 Ladakh si sehemu tena ya jimbo la Jammu na Kashmir. Inatawaliwa moja kwa moja kutoka Delhi.

Ramani imejaa "La": Singge La, Hanuma La, Shingo La. Ni nini?

Mswahili akisikia "la" hudhani amekatazwa njia, kumbe ndipo anapopitishwa. *La* ni mahali pa kuvukia mlima, sehemu ya chini kati ya vilele viwili ambapo njia inaruka kutoka bonde moja kwenda jingine. Juu yake utakuta rundo la mawe na kamba za bendera za sala. Katika maelezo yanayofuata tunaiita kivuko.

Nimefika Uhuru. Hii itakuwa rahisi kwangu?

Kwa urefu, ndiyo. Uhuru ni mita 5,895, na Shingo La, kivuko kirefu kuliko vyote katika njia hii, ni mita 5,091. Kinachowashinda watu hapa si kimo bali muda. Kilimanjaro unapanda siku tano hadi nane, unagusa kibao, na kesho yake uko Moshi unakula nyama choma. Zanskar, ukiondoa usiku mmoja au miwili, unalala juu ya mita 3,400 kwa wiki tatu mfululizo. Hamu ya chakula hupungua, usingizi hukatikakatika, na kidonda kidogo cha kisigino huchukua siku nyingi kupona.

Jambo la pili ni magoti. Hapa hupandi mlima mmoja ukashuka. Unapanda kivuko, unashuka hadi mtoni, kisha unaanza upya, na kuna siku unafanya hivyo mara mbili. Mazoezi ya ngazi, kupanda na kushuka ukiwa na kilo 8 mgongoni, yana faida kuliko kukimbia barabarani.

Nasikia barabara imeshafika. Kuna maana gani ya kutembea?

Ni kweli. Barabara ya Nimmu–Padum–Darcha, yenye urefu wa kilomita 298, iliunganishwa Machi 2024, na mwaka huohuo kazi ya handaki chini ya Shingo La ilianza. Sehemu kubwa ya njia ya zamani sasa ina vumbi la malori. Anayekuuzia safari hii kana kwamba barabara haipo anakudanganya.

Kinachofaa ni kuchanganya. Panda gari pale njia ilipogeuka kuwa barabara: Wanla hadi Photoksar, na kutoka Padum kwenda juu hadi unapokaribia Purne. Tembea pale palipobaki pazuri. Kipande bora kwa maoni yetu ni Lingshed hadi Hanumil kupitia Hanuma La, na mchepuko wa Phuktal, monasteri ambayo bado hufikiwa kwa miguu tu. Mwenye nguvu na mwongozaji mzuri anaweza kuiacha barabara ya Shingo La na kutokea Sarchu, kwenye barabara ya Manali kwenda Leh, mji mkuu wa Ladakh, kwa Phirtse La, lakini kivuko hicho kiko juu zaidi na hakuna kijiji njiani.

Inachukua siku ngapi, na zinapangwaje?

Siku 18 hadi 20 za kutembea, ukihesabu mapumziko mawili, mbali na siku za kuzoea hewa. Kutoka Lamayuru unavuka Prinkiti La kwenda Wanla, mwendo wa saa tatu au nne ambao ni kipimo kizuri cha mwili. Kisha Hanupatta, Sirsir La, Photoksar, na chini ya Singge La, ambayo inakaribia mita 5,000. Siku ya sita au ya saba uko Lingshed, na hapo pumzika siku nzima.

Kutoka Lingshed ni Hanuma La (karibu mita 4,700), kushuka kwenye korongo refu, Parfi La, kisha Hanumil na tambarare ya mto hadi Pishu, Karsha na Padum. Pumzika tena. Nusu ya pili inafuata mto Tsarap hadi Purne, mchepuko wa Phuktal, vijiji vya Testa na Kargyak, mwamba mkubwa wa Gumbok Rangan unaosimama peke yake kama jino, Shingo La, na mwisho Darcha. Weka siku mbili za akiba. Ratiba isiyo na siku za akiba ndiyo inayowafanya watu wavuke mito saa mbaya.

Miezi gani inafaa?

Kuanzia katikati ya Julai hadi katikati ya Septemba. Juni theluji bado iko vivukoni na farasi hawapiti. Julai na mwanzoni mwa Agosti mito imejaa. Mwisho wa Agosti hadi Septemba maji yanapungua na shayiri inaiva, ila usiku baridi inakaza, na wenye farasi wengi wako kwenye mavuno, kwa hiyo wahi kupatana nao. Mvua ni chache lakini si kwamba hainyeshi kabisa. Agosti 2010 mvua ya ghafla ilileta maporomoko ya matope yaliyoua watu wengi Leh. Usipige hema ndani ya korongo kavu hata kama mchanga wake unavutia kulalia.

## Karatasi na kufika

Viza ya siku 30 inatosha?

Haitoshi, na hili huwakamata wengi. Viza ya kielektroniki ya siku 30 huhesabiwa tangu siku unayoingia India. Ukijumlisha Delhi, siku za kuzoea hewa, wiki tatu za njia na ndege ya kurudi, umevuka. Omba ile ya mwaka mmoja. Tumia tovuti ya serikali ya India pekee, maana zipo nyingi za kuiga zinazotoza mara mbili au tatu. Pasi iwe na miezi sita mbele na kurasa mbili tupu.

Kadi ya homa ya manjano inaulizwa?

Ndiyo. Anayetoka au aliyepitia Kenya au Uganda asipokuwa na kadi anaweza kuwekwa karantini uwanjani hadi siku sita. Hata kama nchi yako haimo kwenye orodha, ndege yako huenda inapitia iliyomo. Chanja angalau siku 10 kabla ya kusafiri na ubebe kadi halisi, si picha ya simu.

Nahitaji kibali maalumu?

Kwa njia ya Lamayuru–Padum–Darcha, hapana, ila kuna ada za mazingira zinazolipwa Leh. Kibali cha maeneo ya mpakani kinahitajika ukienda Nubra, Pangong au Tso Moriri. Beba nakala sita za pasi na viza. Vituo vya polisi, kikiwemo cha Darcha, huandika majina, na nakala huokoa nusu saa.

Nipande ndege hadi Leh au niende kwa gari?

Ndege kutoka Delhi ni saa moja na robo hivi, lakini inakutoa karibu na usawa wa bahari na kukutua mita 3,500 kabla hujamaliza chai. Ndege huruka asubuhi, na upepo au mawingu huziahirisha mara kwa mara. Uzito wa mizigo pia mara nyingi ni mdogo kuliko wa ndege iliyokuleta India.

Kwa mwili, barabara ya Srinagar ni bora: unalala Srinagar (karibu mita 1,600), kisha Kargil (karibu 2,700), ndipo Lamayuru, ambayo iko kwenye barabara hiyohiyo. Kuja kupitia Manali ni kinyume chake. Inakulaza Sarchu, mita 4,200 na zaidi, usiku wa kwanza au wa pili, na hapo ndipo vichwa vinapopasuka.

## Mwinuko na afya

Siku za kwanza nifanye nini?

Usifanye kitu. Ukitua Leh kwa ndege, siku mbili nzima ni za kulala, kunywa maji na kutembea taratibu kwenda kula. Siku ya tatu panda ngazi za monasteri ya karibu. Usinywe pombe wala dawa za usingizi. "Pole pole" ya Kilimanjaro hapa inaanzia kwenye ngazi za hoteli. Safari nyingi zinazovunjika huvunjikia hapa, si kule vivukoni. Mtu anajisikia mzima siku ya kwanza, anazunguka mji mchana kutwa, usiku anatapika.

Baada ya hapo, kanuni ni hii: juu ya mita 3,000 mahali pa kulala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500, na kila siku tatu au nne ulale kimo kilekile mara mbili.

Na Diamox?

Ni dawa ya kujikinga na ugonjwa wa mwinuko. Inasaidia, hasa kwa anayetua Leh kwa ndege. Kipimo cha kujikinga kwa mtu mzima ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Utakojoa sana, vidole vitawaka kama vinatambaliwa na siafu, na soda itakuwa na ladha mbaya. Ukiwahi kudhurika na Septrin au dawa nyingine ya salfa, mwone daktari kwanza. Dawa haifuti kanuni ya mita 500.

Nitajuaje kama ni uchovu au ni hatari?

Kichwa kuuma, kichefuchefu na kukosa hamu ya kula: huo ni ugonjwa wa mwinuko wa kawaida. Usipande zaidi mpaka viishe. Visipoisha, shuka.

Hatari zipo mbili. Ya kwanza ni ubongo kuvimba. Mchoreni mgonjwa mstari chini, atembee kisigino kikigusa kidole. Akipepesuka kama mlevi, au akiongea yasiyoeleweka, anashushwa saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Ya pili ni maji kwenye mapafu: kuhema hata akiwa amekaa, kikohozi, kifua kinachokoroma, midomo kuwa ya buluu. Ngozi yetu huficha buluu hiyo, kwa hiyo angalia ndani ya mdomo na chini ya kucha. Naye anashushwa, akibebwa au juu ya farasi, asitembee mwenyewe. Kushuka hata mita 500 tu kunaweza kuokoa maisha. Mwongozaji awe na deksamethasoni (ya ubongo) na nifedipini (ya mapafu), na awe amefundishwa kuzitumia.

Nina chembe za selimundu lakini siumwi. Naweza kwenda?

Swali hili haliulizwi vya kutosha, na vijitabu vingi vya milima hiyo havikuandikwa kwa kutufikiria sisi. Mwenye ugonjwa wenyewe wa selimundu asiende. Aliyerithi upande mmoja tu mara nyingi huenda salama, lakini hewa ikiwa haba chembe zinaweza kuziba mishipa ya bandama. Dalili ni maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, pengine na kutapika. Hayo si gesi ya dengu. Shuka na utafute hospitali. Kama hujui hali yako, pima nyumbani kabla ya kukata tiketi.

Nikipata homa huko juu?

Ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida hauleti homa kali. Mbu wa malaria hawasumbui Zanskar, lakini wewe unaweza kuwa umeibeba kutoka nyumbani, na daktari wa huko huenda asiifikirie kabisa. Beba vipimo viwili vya haraka vya malaria na dozi nzima ya dawa mseto, ALu (vidonge 24 kwa mtu mzima: vinne mara mbili kwa siku, siku tatu, pamoja na chakula chenye mafuta). Homa ikija na kipimo kikaonyesha malaria, anza dawa papo hapo huku mkipanga kushuka.

## Njiani

Wapagazi wapo?

Si kwa mtindo wa Kilimanjaro. Mizigo hubebwa na farasi, nyumbu au punda, na mwenye farasi huja na wanyama wake. Hesabu karibu kilo 50 kwa mnyama, ukijumlisha chakula, mafuta ya kupikia na mahema. Mizigo hufungwa miwili miwili, kushoto na kulia, na lazima ilingane. Ukimpa begi moja la kilo 20 na jingine la 9, ataongeza mawe kwenye lile jepesi. Leta mifuko laini, siyo sanduku la magurudumu.

Kinachozua ugomvi ni malipo ya kurudi. Farasi akikufikisha Darcha, bado ana siku kadhaa za kurudi kwao, nazo hulipwa. Patana idadi hiyo mapema, mbele ya mwongozaji, na iandikwe.

Mito inavukwaje?

Mito huku huongozwa na jua. Theluji huyeyuka mchana, na maji yanafika bondeni alasiri. Kijito cha magotini saa mbili asubuhi kinaweza kufika kiunoni saa kumi jioni. Vuka kabla ya saa nne asubuhi. Ukichelewa, piga hema upande uliopo na usubiri kesho.

Vaa sandali zenye mikanda, usivuke pekupeku wala na buti. Fungua mkanda wa begi wa kiunoni ili ukianguka ulivue. Elekea maji yanakotoka, egemea fimbo, sogea kando hatua moja moja, na wengine washikane mabega. Maji yakifika mapajani na yanakwenda kasi, rudi.

Madaraja ni ya kuaminika?

Uliza habari mpya Padum. Tarehe 31 Desemba 2014 mlima uliporomoka na kuziba mto juu ya Phuktal. Ziwa likajikusanya kwa miezi, na tarehe 7 Mei 2015 likapasuka na kuzoa madaraja bonde zima. Mengine yamejengwa upya, lakini mto haujabadilika tabia.

Chakula kikoje?

Wali, dengu, chapati na chai, majina unayoyajua tayari, pamoja na supu ya tambi inayoitwa thukpa. Chakula cha wenyeji ni tsampa, unga wa shayiri iliyokaangwa kabla ya kusagwa. Unabakiza chai ya siagi na chumvi vidole viwili kwenye bakuli, unamwaga unga juu, kisha unakanda kwa vidole vya mkono wa kulia huku wa kushoto ukizungusha bakuli, mpaka unapata tonge. Mla ugali hujifunza kwa dakika moja. Haupikwi, na ndiyo siri yake: kwenye mita 5,000 maji huchemka karibu nyuzi 83, na maharage hayaivi hata ukeshe. Jiko lenu lisipokuwa na sufuria ya presha, acheni kunde na maharage nyumbani, mle dengu nyekundu.

Nyama ya halali hupatikana Leh, Kargil na Padum. Vijijini kula mboga na mayai. Kibla huko ni magharibi, ikielekea kusini kidogo.

Vifaa gani watu wetu husahau?

Miwani ya jua yenye giza la kutosha na ya kufunika pembeni, kwa kuwa theluji ya Shingo La inaweza kupofusha macho kwa siku mbili. Losheni ya jua na ya midomo pia. Ile kauli kwamba ngozi nyeusi haiungui hufa siku ya tatu, puani na midomoni. Mfuko wa kulalia uwe wa nyuzi 10 chini ya sifuri, na Septemba zaidi ya hapo. Chujio la maji lala nalo ndani ya mfuko. Likiganda mara moja, vitundu vyake hupasuka, nawe hutaona tofauti mpaka tumbo likuambie. Simu na pawabenki zilale humo humo.

Simu na pesa?

Laini ya malipo ya kabla uliyonunua Delhi haifanyi kazi Ladakh. Nunua nyingine Leh, na tegemea mtandao Padum na vijiji vichache tu. Simu ya setilaiti usiibebe. India huizuia bila leseni, hata vile vifaa vidogo vya kutuma ujumbe, na wasafiri wamekamatwa uwanjani kwa hilo. Toa pesa taslimu Leh, noti ndogo nyingi. Mashine ya Padum huwa tupu siku unayoihitaji.

## Monasteri

Naruhusiwa kuingia hata kama si Mbudha?

Ndiyo, na hakuna atakayekuuliza dini. Vua viatu na kofia, funika mabega na magoti, usikalie viti vya juu, na ukikaa chini usielekeze nyayo kwenye madhabahu au kwa mtawa. Picha uliza kwanza, bila mwanga wa kamera. Minara ya ibada na kuta za mawe yaliyochongwa sala huzungukwa kwa mwelekeo wa saa, yaani vibaki mkono wako wa kulia. Salamu ni *jullay*, na neno hilohilo ni asante na kwaheri.

Ipi nisiikose, na nifike saa ngapi?

Phuktal. Ni saa mbili hadi tatu kwa miguu kutoka Purne, imejengwa kwenye mdomo wa pango, vyumba vya udongo mweupe vikining'inia kwenye jabali kama viota vya mbayuwayu. Lala Purne au kwenye nyumba ya wageni ya monasteri ili uwahi sala ya alfajiri, maana wanaofika saa sita mchana hukuta milango imefungwa na mwenye ufunguo yuko shambani. Karsha ndiyo kubwa kuliko zote Zanskar, na sherehe yake ya ngoma za vinyago huwa Julai kwa kawaida, ila tarehe hufuata kalenda ya Kitibeti.

Zangla, ng'ambo ya mto, ina jengo la zamani la wafalme ambamo Mhungaria Csoma de Kőrös alijifungia kuanzia 1823 kujifunza Kitibeti. Kamusi yake ilichapwa Calcutta mwaka 1834. Chumba ni kidogo na kina baridi. Anayejua taabu ya kutunga kamusi atakaa humo kidogo.

## Hali zisizo za kawaida

Naweza kwenda peke yangu?

Lamayuru hadi Padum, mwenye uzoefu anaweza, akilala majumbani. Korongo kati ya Lingshed na Hanumil, na Phirtse La, tunashauri usiende bila mwenyeji: njia hupotea kwenye changarawe, na ukivunjika mguu hapana wa kupita.

Bima ya kawaida inatosha?

Soma kifungu cha kimo. Nyingi huishia mita 4,000 au 4,500. Tafuta inayofika 5,500 kwa maandishi, au 6,000 ukipita Phirtse La, na inayolipia helikopta. Helikopta haipai bila mtu kuthibitisha malipo, kwa hiyo namba ya bima awe nayo pia ndugu nyumbani na wakala wa Leh. Wakati wa kuihitaji, wewe utakuwa mahali pasipo mtandao (angalia "Simu na pesa?").

Hii ndiyo ile safari ya kutembea juu ya mto ulioganda?

Siyo. Ile ni Chadar, hufanyika Januari na Februari juu ya barafu ya mto Zanskar, na vifaa vyake ni vingine kabisa.